Kitabu Ulichojuta Kukisoma

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni)

  Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana mimbarini. Mtu anachukua kitabu cha hadithi, anakisoma mpaka mwisho, kisha anajuta. Anatamani macho yake yangekuwa hayajaziona kurasa zile. Usiku anageuka kitandani, na kila akifumba macho anayaona yale yale. Je, amefanya dhambi? Na kama si dhambi, majuto hayo ni ya nini?

Tumeguswa na swali hili kwa sababu ya mama mmoja wa upande wa Bungoma, ambaye ametupa ruhusa tulisimulie jambo lake bila kulitaja jina lake. Tulikuwa wachungaji wake zamani, kabla ya kuhamishiwa Kitale. Siku moja alipanda matatu asubuhi, akapitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, akafika kwetu karibu na saa sita. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kitabu kilichofungwa kwa gazeti, na gazeti likafungwa kwa uzi, kama mtu anayebeba nyama. Alikitoa katika sanduku la shule la binti yake wakati wa likizo. Alikuwa amesoma kurasa za mwisho tu, maana ndizo alizofungulia, na alizoyaona humo yalimtetemesha. Akakiweka mezani petu akasema, "Pasta, kichome. Mimi nimeogopa kukichoma nyumbani, binti asije akaona jivu."

Hatukukichoma. Tulimwambia, "Mama, kiache hapa, tupe juma moja." Alishangaa. Alikuwa na haki ya kushangaa, kwa kuwa alikuwapo siku ile tulipochoma kitabu cha mtoto mwingine.

Hilo hatuna budi kulisimulia kwanza, ingawa halitupendezi. Tulipokuwa wageni katika kazi, tukiwa ndio tumetoka chuo cha theolojia, tulimkuta kijana mmoja wa darasa la kipaimara akisoma riwaya nyuma ya Kitabu cha Sala. Tulimnyang'anya. Baada ya ibada tuliwasha moto nyuma ya kanisa, tukawaita wenziwe, tukakitia kitabu motoni mbele ya macho yao, na tukasema maneno makali juu ya watu wa Efeso. Hatukuwa tumekifungua. Mpaka leo hatujui kilikuwa kitabu gani. Kijana yule hakupokea kipaimara mwaka ule, wala mwaka uliofuata, na tulipohama alikuwa haji tena. Baadaye tulisikia kwamba nyumbani kwao kulikuwa na msiba wa namna yake, na kwamba alikuwa akisoma sana kwa sababu hakutaka kurudi mapema. Hatuwezi kusema kwamba ni moto ule tu uliomwondoa. Lakini hatuwezi kusema pia kwamba haukuwa na sehemu.

Basi safari hii tulikaa na kitabu cha mama, tukawasha taa, tukasoma.

Kilikuwa ni *Rosa Mistika*. Wengi wenu mlio wakubwa mnalijua jina hilo. Kiliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, mtu aliyesoma katika seminari ya Kikatoliki ujanani mwake, akawa mwalimu wa chuo kikuu, na akafariki mwaka 2020. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Jina lenyewe ni la Kilatini, nalo ni mojawapo ya majina ambayo Wakatoliki humwita Mariamu katika litania yao. Maana yake ni waridi la fumbo. Kilipotoka, kule Tanzania kilizuiwa kisisomwe shuleni. Miaka ikapita, kikaruhusiwa, na shule zile zile zikakifundisha. Tunalitaja hili ili mjue kwamba mama wa Bungoma hakuwa mtu wa kwanza kukiogopa, na walioogopa kabla yake hawakuwa wajinga.

Hatutaisimulia hadithi yote, maana watoto wanasikiliza. Kwa ufupi ni hivi. Rosa ni binti mkubwa wa mlevi aitwaye Zakaria. Baba huyu hawatunzi watoto wake, lakini anawalinda kwa fimbo. Siku moja anamkuta Rosa na barua ya mvulana, naye anampiga kipigo kikubwa. Tangu siku hiyo msichana anawaogopa wanaume wote, na watu wanaisifu tabia yake njema. Kisha anakwenda chuo cha ualimu, mbali na fimbo ya baba, na huko hana kitu chochote ndani yake cha kumwongoza, kwa kuwa alichofundishwa ni hofu tu. Anapotea. Mimba inatolewa. Mwisho wake ni kujiua.

Tulikimaliza usiku wa manane, na tunakiri mbele yenu kwamba tulijuta. Sala ya usiku haikutoka. Tuliketi na kuwaza juu ya binti zetu wenyewe. Siku mbili tatu zilizofuata chakula hakikuwa na ladha, na mama mchungaji akatuuliza kama tumepokea habari za kifo. Tulimwambia ndiyo, cha msichana mmoja wa Ukerewe. Akauliza amekufa lini.

Sasa, wapendwa, tuyapime majuto hayo, kwa maana si majuto yote ni ya namna moja.

Sisi tunayajua majuto ya namna nyingine kabisa. Tulipokuwa shule ya sekondari, vitabu fulani vilipita kutoka kitanda hadi kitanda, havina jalada, kurasa zimelegea. Kimoja kilikuwa *After 4.30* cha David Maillu, cha mwaka 1974, ambacho kilikuwa kizee kuliko sisi tuliokisoma. Maillu alijichapishia mwenyewe huko Nairobi vitabu vyembamba juu ya ulevi na mambo ya wanaume na wanawake, vikanunuliwa sana, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Wako wataalamu wanaosema kwamba alikuwa akiyakemea yale aliyoyaeleza. Huenda ni kweli. Lakini sisi wavulana hatukuwa tukitafuta kemeo. Tulikuwa tukitafuta ukurasa fulani, na kitabu chenyewe kilijifungua hapo kwa mazoea. Kingine kilikuwa *My Life in Crime* cha John Kiriamiti, aliyekuwa mnyang'anyi wa kweli, akafungwa, akakiandika akiwa gerezani, kikatoka mwaka 1984. Mtu yule aliteseka, na kitabu kinaonyesha alivyoteseka. Sisi tulizisoma kurasa za bastola na magari mara tatu, na kurasa za mateso tukazipita mbio.

Hayo tunayajutia mpaka leo, lakini angalieni tunachokijutia. Hatuwashitaki waandishi. Tunajutia kile tulichokwenda kukitafuta, na jinsi kilivyotupendeza. Na tunajutia kwamba hakifutiki. Mchungaji anaweza kuwa ameshika kikombe cha Ushirika Mtakatifu, na sentensi moja aliyoisoma akiwa na miaka kumi na sita ikapita kichwani kama panya darini. Vijana mnaosikiliza, hamtaambiwa hili mara nyingi na mtu aliyevaa kola, kwa hiyo lisikieni.

Agostino, yule askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyeandika maungamo yake zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, anasimulia juu ya rafiki yake Alipio. Kijana huyu alikuwa Roma akisoma sheria, naye aliichukia michezo ya kuuana iliyofanywa uwanjani. Rafiki zake walimvuta kwa nguvu. Akasema, mtaupeleka mwili wangu, lakini macho yangu nitayafumba. Akayafumba kweli. Kisha mtu mmoja akaanguka, umati ukapiga kelele kubwa, naye Alipio akafungua macho aone ni nini. Agostino anasema hakuyaondoa tena. Aliingia akiwa mtu mmoja, akatoka akiwa mtu mwingine, na siku za baadaye ni yeye aliyewavuta wenzake waende. Baadaye Mungu alimponya, akawa askofu. Hiki ndicho kipimo kimoja tunachoweza kuwapa: baada ya kitabu, unataka tena? Unatafuta kingine chenye damu zaidi, na kingine tena, kwa kuwa kile cha kwanza sasa hakikushtui? Siku hizi hata huhitaji kwenda kwa muuza vitabu kando ya barabara. Kiko ndani ya simu, chini ya blanketi. Kama ndivyo, ndugu, majuto yako ni rafiki mwema anayebisha hodi. Mfungulie.

Lakini baada ya *Rosa Mistika* hatukutaka tena. Tulichotaka ni kuamka na kwenda kuwaangalia watoto kama wamejifunika. Je, hayo ni majuto ya namna ile ile?

Yohana katika Ufunuo, sura ya 10, alipewa kitabu kidogo akaambiwa akile. Kinywani kilikuwa kitamu kama asali, na tumboni kikawa kichungu. Wala hakuambiwa akitapike. Aliambiwa kwamba imempasa kutoa unabii tena. Na katika Kanisa letu la Anglikana kila mwaka, wakati wa Majilio, iko sala ya kale inayomwomba Mungu atusaidie kuyasoma Maandiko na kuyameng'enya ndani yetu kama chakula. Tunaiomba haraka haraka bila kuwaza. Kumeng'enya kunachukua muda, na pengine tumbo linauma.

Maana hata ndani ya Biblia yenyewe mna kurasa ambazo msomaji anajuta. Soma Waamuzi sura ya 19 usiku ukiwa peke yako, juu ya suria wa yule Mlawi kule Gibea, halafu utuambie kama ulilala. Jumapili hatuisomi kanisani, na tunaelewa sababu. Au soma 2 Samweli sura ya 13, juu ya Tamari, binti Daudi, na ndugu yake Amnoni. Aliyeandika hakutuficha mlango uliofungwa wala majivu aliyojitia kichwani. Ndugu yake wa pili, Absalomu, akamwambia anyamaze. Na baba yake, mfalme, mtunga zaburi, aliposikia alikasirika sana. Ndivyo ilivyoandikwa, kwamba alikasirika sana, na hatusomi kwamba alimwita Amnoni, wala kwamba alikwenda kumwona Tamari. Miaka miwili ikapita kimya, mpaka Absalomu akaua. Tukiwa chuoni mwalimu wetu mmoja alituuliza kwa nini Roho Mtakatifu aliruhusu habari hii iandikwe, na darasa zima likatoa majibu mazuri ya kitheolojia. Yeye akasema tu, "Kwa sababu Tamari aliambiwa anyamaze."

Sasa turudi Efeso, tulikokuwa tumekwenda siku ya moto bila kusoma vizuri. Matendo ya Mitume, sura ya 19, inasema watu waliofanya uchawi walileta vitabu vyao wakaviteketeza mbele ya wote, na thamani yake ilikuwa vipande elfu hamsini vya fedha. Angalieni: vilikuwa vitabu vyao. Walivijua, walikuwa wamevitumia kwa miaka mingi, na hasara ilikuwa yao. Paulo hakuingia nyumba ya mtu na kiberiti. Ikiwa wewe msikilizaji unacho kitabu kinachokushika, nawe unakijua, kichome leo, nasi tutakuletea kuni.

Lakini uko moto mwingine, katika Yeremia sura ya 36. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi, makaa yanawaka mbele yake. Yehudi anamsomea gombo la maneno ya Yeremia, aliloliandika Baruku. Kila kurasa tatu nne zikiisha kusomwa, mfalme anazikata kwa kisu kidogo cha mwandishi, anazitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Wakuu watatu walimsihi asilichome; hakuwasikia. Kwa nini alilichoma? Halikuwa linamfundisha uovu. Lilikuwa linamwambia habari za nyumba yake. Na Mungu akamwambia Yeremia atwae gombo jingine, akayaandika yote upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Kwa hiyo tulipokuwa tumekaa na kile kitabu cha mama, swali letu halikuwa tena kama ni kibaya au kizuri. Tulijiuliza moto aliouomba mama ni upi katika mioto hii miwili.

Kabla ya kuwaambia alivyojibu, acheni tutaje jambo moja kwa upesi, kwa ajili ya wale ambao majuto yao si ya dhambi wala si ya kuonywa. Yuko mzee mmoja hapa Kitale aliyekimbia kutoka upande wa Cheptais wakati wa mapigano ya Mlima Elgon, yaliyoisha mwaka 2008. Mjukuu wake alikuwa akisoma *Chozi la Heri*, riwaya ya Assumpta Matei ambayo kwa miaka kadhaa ilitahiniwa katika shule zetu za sekondari. Humo mna mtu ambaye jamaa zake wanateketezwa ndani ya nyumba na jirani waliyemjua, baada ya uchaguzi. Mzee alimwomba mjukuu amsomee kidogo, kwa kuwa macho yake ni dhaifu. Hawakumaliza sura. Mzee alitoka nje akakaa chini ya mgomba mpaka giza likaingia, na juma zima hakusema na mtu. Alipotujia alidhani amekosa imani. Tulimwambia, mzee wetu, hukukosa chochote. Kitabu hicho ni chema na mjukuu amalize kukisoma. Wewe huna deni la kukisoma. Uliyoyaona yanatosha. Yako mambo ambayo vijana wanapaswa kuyasoma ili wasiyatende, na wazee wana ruhusa kuyafunga. Kidonda kibichi hakipanguswi kwa gunzi la hindi.

Sasa mama wa Bungoma. Alirudi baada ya juma moja kama tulivyopatana. Tulimpa chai, tukamwambia kitabu tumekisoma chote, na kwamba ni kweli kinatisha. Kisha tukamwonyesha kitu ambacho yeye hakukiona, kwa sababu alikuwa ameanzia mwisho. Binti alikuwa amekunja pembe ya ukurasa mmoja tu katika kitabu kizima. Haukuwa ukurasa wa chuo, wala wa wanaume, wala wa kifo. Ulikuwa ule wa baba, barua na fimbo. Pembe ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka karatasi imeanza kukatika.

Mama alikisoma kipande hicho palepale, akifuata mistari kwa kidole. Alisoma polepole, na alipomaliza alianza tena. Sisi tulitoka nje, tukajifanya tunaangalia mahindi. Tuliporudi alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, anakikunja na kukikunjua magotini. Akasema, "Pasta, ni simu. Kwetu ilikuwa simu, haikuwa barua." Akanyamaza. Halafu akasema kwamba yeye alikuwa chumba cha pili, na alisikia, na alikuwa akikoroga ugali, na aliendelea kukoroga.

Hatukumwambia neno la Tamari siku ile. Tuliomba pamoja, maombi mafupi. Kisha akauliza kama matatu ya saa kumi bado yanapitia Webuye, kwa sababu alitaka kufika kabla baba wa nyumba hajarudi kutoka sokoni, ili aseme na binti wakiwa wawili tu. Tulimsindikiza mpaka stendi. Gazeti na uzi aliviacha mezani petu. Kitabu alikibeba mkononi, wazi, na kondakta akakiangalia jalada lake akauliza kama ni mwalimu.

Baada ya siku kumi tulikwenda nyumbani kwao pamoja na mwenzetu anayehudumu katika kanisa lao sasa, na mzee mmoja wa ukoo ambaye baba wa nyumba humheshimu. Mazungumzo yalikuwa magumu, na hayajaisha. Baba hajafika kanisani. Fimbo, mama anasema, haijaonekana tangu siku ile, ingawa pombe ingaliko. Binti alirudi shuleni muhula ulipofunguliwa. Mama ndiye aliyempangia sanduku, na *Rosa Mistika* ilikuwa ndani, kati ya sare na Biblia, pamoja na barua aliyomwandikia yeye mwenyewe kwa mkono, ambayo hatukuomba kuisoma.